Mwana wa Nyumba Iliyoanguka

Masomo: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9, 2 Nyakati 19:4–7

 

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli twasoma habari za mtoto aitwaye Mefiboshethi, mjukuu wa mfalme Sauli. Alikuwa na umri wa miaka mitano siku ilipofika habari ya kwamba babu yake na baba yake wamekufa vitani. Mlezi wake akambeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Tangu siku hiyo alikuwa mwana wa nyumba iliyoanguka. Ufalme ulishikwa na wengine. Yeye akabaki na jina kubwa na miguu iliyolemaa.

Mtoto wa namna hiyo ana njia ngapi mbele yake? Aweza kukaa maisha yake yote akihesabu vitu alivyonyang'anywa. Aweza kutafuta upanga. Aweza kujipendekeza kwa watawala wapya ili apate makombo. Je, iko njia nyingine? Leo twataka kulijibu swali hili kwa historia ya Mombasa. Tutamtazama mtu wa ukoo mkubwa uliopoteza utawala, naye akaja kuwa hakimu: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hata kufa kwake mwaka 1947.

Huenda msikilizaji mmoja akauliza, "Mbona mazungumzo ya Kikristo yatuletea habari za Kadhi?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla hatujaagana.

NGOME NA WENYEWE

Mgeni anayetoka Ngome ya Yesu na kuingia Mji wa Kale hushika barabara nyembamba iitwayo Ndia Kuu. Kwa Kimvita, ndia ni njia; basi hiyo ndiyo njia kuu ya mji, yenye nyumba za roshani za mbao na milango ya nakshi. Aliyekaa Ndia Kuu zamani hakuweza kuisahau Ngome. Aliyeishika Ngome aliushika mji.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wakaipa jina la Yesu, kisha wakaijaza mizinga. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, na mwezi wa Desemba 1698 wakaitwaa. Watawala wa Omani wakaweka maliwali, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 kazi hiyo ikaangukia ukoo wa Mazrui. Kisha Omani yenyewe ikabadili watawala, ikashikwa na jamaa ya Busaidi. Wamazrui wakakataa kuwatii. Kwa muda wa karibu miaka 100 wakaitawala Mombasa kama watu wasio na bwana juu yao.

Mwaka 1824, walipomwona Seyyid Said wa Omani anakaribia, waliomba himaya kwa Kapteni Owen wa merikebu ya Kiingereza iitwayo Leven. Himaya ile haikupita mwaka 1826, kwa maana Serikali ya London haikuitaka. Seyyid Said akaleta vita mara kwa mara. Lakini nyumba ile haikuangushwa na mizinga peke yake. Liwali Salim bin Ahmed alipokufa mwaka 1835, jamaa waligombana juu ya nani akalie kiti, na baadhi ya wazee wa mji wakamwita adui. Mwaka 1837 Mombasa ikawa ya Seyyid Said. Muda si mrefu wakuu wa ukoo, zaidi ya 20, walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa mbali, wasirudi tena. Waliosalia walikuwa na makao Gazi upande wa kusini na Takaungu upande wa kaskazini.

Tusiipambe historia. Mashamba ya wakuu wa pwani, na Wamazrui wakiwamo, yalilimwa na watumwa. Wengi wa watumwa hao walikimbilia misheni ya Rabai. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, baada ya Kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana zao fidia. Nyumba hii ilikuwa na utukufu wake, na ilikuwa na deni lake mbele za Mungu, kama zilivyo nyumba nyingi za wakuu duniani.

MTOTO WA MIAKA MINNE

Katika ukoo huo Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mashuhuri. Seyyid Barghash wa Unguja alimtia gerezani kwa ajili ya mafundisho yake, asifunguliwe mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Mwaka 1894 Sheikh Ali naye akafa, akamwacha mwanawe angali mtoto mdogo.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 1895, Waingereza walitangaza utawala wao juu ya nchi hii. Mwaka huo huo vita vikawaka. Wamazrui wa Takaungu walikuwa wakigombea urithi wa uongozi. Waingereza wakampendelea mmoja, na Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi akasimama upande wa yule mwingine. Mwezi wa Agosti askari wa majini wakaivunja ngome yake ya Mwele. Mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na kujitia mikononi mwa Wajerumani, naye alikufa Dar es Salaam mwaka 1910, mbali na kwao.

Al-Amin alikuwa na miaka minne vita vilipoanza, na mitano vilipokwisha, umri ule ule wa Mefiboshethi. Na Ngome ya Yesu, iliyokuwa kiti cha ukoo wake, Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hata 1958. Basi tangu alipokuwa na umri wa miaka minne Sheikh Al-Amin hakuiona ikiwa kitu kingine. Kila alipopita mwisho wa Ndia Kuu aliziona kuta zile zile ambazo wazee wake walitawala ndani yake, na sasa zilifunga wevi na wadeni.

Yatima huyu alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu. Akasoma Mombasa, kisha akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmed bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, wanachuoni wawili waliosifika pwani yote. Hakupewa upanga, alipewa kalamu na vitabu.

ALIANZA NA NYUMBA YAKE

Zama zake zilikuwa zama za msukosuko. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na nguvu za nchi zikahamia bara. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria, na utajiri wa mashamba ukapungua. Tangu 1908 kila mwenye ardhi pwani alitakiwa kuthibitisha haki yake mbele ya Serikali. Wengine walipata hati wakaziuza, wengine wakakosa kabisa. Bandari mpya ya Kilindini ikachukua meli kubwa, na majahazi ya bandari ya kale yakabaki na biashara ndogo. Mwaka 1920 bara ikawa Koloni, na pwani ikaendelea kuwa mali ya Sultani kwa jina, Waingereza wakimlipa kodi kila mwaka.

Wakati kama huo ni rahisi kuwalaumu watu wa nje. Sheikh Al-Amin hakuwasamehe watu wa nje, lakini alianza na watu wake. Mwaka 1930 alitoa karatasi ndogo iitwayo Al-Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Islahi ni kutengeneza kilichoharibika. Sisi tulio watoto wa Matengenezo ya Kanisa twalielewa neno hilo vizuri.

Aliandika nini? Aliwakemea Waislamu wenzake kwa kumaliza mali katika arusi na matanga, kisha wakaweka ardhi rehani. Alikemea ushirikina, na mila zilizovishwa vazi la dini. Alisikitika kwamba watu wa mji mmoja wanagawanyika kwa makabila na asili zao, kama walivyogawanyika wazee wao. Alitaka watoto wasome dini, na wasome pia elimu ya ulimwengu wa sasa. Na wasichana wasiachwe gizani. Hakutaka watu waige kila cha Mzungu, wala hakutaka wakatae elimu kwa sababu tu inatoka kwa Mzungu. Makala hayo baadaye yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Tena aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake. Kitabu hicho kilikaa miaka mingi katika hati ya mkono, hata kilipochapwa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ukoo uliopoteza Ngome ulipata mwandishi. Ndugu zangu, hiyo nayo ni namna ya kurudishiwa.

KITI CHA HUKUMU

Mwaka 1932 aliwekwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 kuwa Kadhi Mkuu. Hebu tufikiri ni kiti cha namna gani. Kwa mapatano ya tarehe 14 Desemba 1895 Waingereza walitawala ukanda wa pwani kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, na mahakama za Kiislamu zikaendelea. Sultani huyo alikuwa wa jamaa ya Busaidi, ndio walioiangusha nyumba ya Mazrui mwaka 1837. Mshahara ulilipwa na Serikali ya Waingereza, ndio waliomfukuza Mbaruk mwaka 1896. Mwana wa walioshindwa alihukumu chini ya bendera ya mshindi wa kwanza, kwa fedha za mshindi wa pili.

Wako watakaosema, "Basi aliuza heshima yake." Lakini tutazame ni nani huja mbele ya Kadhi. Waingereza walikuwa wamejiwekea mambo makubwa, mauaji na uasi na kodi. Kadhi aliachiwa ndoa, talaka, urithi na wakfu. Huja mke aliyeachwa bila masurufu. Huja mjane ambaye mashemeji wamekwisha kugawana nyumba ya marehemu. Huja yatima ambaye ami yake amekalia shamba lake. Watu hao hawaulizi bendera gani inapepea juu ya paa. Wanauliza kama leo watapata haki. Mtu mwenye elimu akikataa kuketi hapo kwa ajili ya kinyongo cha ukoo wake, ni nani atakayeumia? Si Sultani, wala si Gavana. Ataumia yule mjane.

Twasoma habari za mfalme Yehoshafati katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati. Aliponusurika vitani alirudi nyumbani, akaweka waamuzi katika miji yenye maboma. Akawaonya ya kwamba hukumu yao si ya wanadamu bali ni ya Mungu, naye yupo nao wanapoitoa; kwa hiyo wasipendelee mtu wala wasipokee rushwa. Neno hili ni zito. Mfalme ndiye aliyewaweka, lakini hakuwaambia wahukumu kwa ajili ya mfalme. Kiti cha haki huweza kuwekwa na mtawala yeyote; anayehukumu kwa haki huhesabiwa mbele za Mungu.

KWA NINI TUMEMTAJA

Sasa tulijibu swali la msikilizaji wetu.

Kwanza, Kanisa la pwani lina deni la kale kwa kadhi mmoja. Mwezi wa Juni 1844 Ludwig Krapf alianza Mombasa kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, naye aliyemsaidia alikuwa Kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin, mwenye asili ya Barawa. Mwezi uliofuata Krapf alimzika mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga. Hata hivyo kazi haikufa. Tunapofungua Biblia zetu tukumbuke kwamba mmoja wa waliotangulia kuyatafuta maneno yake alikuwa hakimu Mwislamu.

Pili, yatupasa kusema kweli: Sheikh Al-Amin alitupinga. Aliwaonya wazazi wa Kiislamu wasiwapeleke watoto wao katika shule za misheni, akiogopa kwamba watapata elimu na kupoteza dini yao. Mwaka 1923 padre Mwingereza wa Unguja, Godfrey Dale, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Sheikh Al-Amin hakuridhika Waislamu waisome Kurani kwa maelezo ya padre, akaanza tafsiri yake mwenyewe. Kifo kikamkuta hajaimaliza. Je, twaweza kumheshimu mtu aliyeipinga kazi yetu? Bwana wetu alimsifu akida wa Kirumi, ambaye jeshi lake lilikuwa limeikalia nchi. Alimtaja Msamaria kuwa mfano mbele ya mwanasheria wa Kiyahudi. Tukiweza kuiona haki kwa watu wa kundi letu tu, bado hatujaijua haki.

Tatu, jambo hili halikuishia zamani. Mwezi wa Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walipatana kwamba pwani itaunganishwa na Kenya, na mahakama za makadhi zitalindwa. Katiba iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010 ikazihifadhi tena. Wengi wanakumbuka mabishano ya mwaka ule, na jinsi viongozi wengi wa makanisa walivyozipinga mahakama hizo. Leo hatuyafufui mabishano hayo. Twasema hivi tu: anayebishana juu ya kiti, na ajue kwanza ni watu gani waliokikalia, na ni wajane wangapi waliosimama mbele yake.

TUJIHUKUMU SISI

Wapendwa, tusimtazame hakimu wa Mji wa Kale kama mtu atazamaye picha ukutani. Katika parishi zetu ziko nyumba zilizoanguka. Iko jamaa iliyokuwa na wazee wa kanisa tangu siku za wamisionari, na leo uongozi umepita kwa wengine. Nao wamekaa nyuma, hawaimbi wala hawatoi, wanahesabu makosa. Wako waliogawanya kanisa kwa kugombea kiti, na kila upande ukamwita mtu wa nje aje kuwasaidia, kama Mombasa ya mwaka 1835. Wako wanaonunua jeneza la fedha nyingi, na watoto wa marehemu wamefukuzwa shule kwa kukosa ada. Tena uko urithi. Katika sheria aliyoihukumu Kadhi, mjane na binti wana fungu lao lililotajwa. Je, katika boma la mzee wa kanisa binti ana fungu? Mjane wa ndugu yetu yuko salama, au tumekwisha kupima shamba lake kabla ya siku 40?

Haya ndiyo maswali ya islahi. Mwenye kutengeneza huanza nyumbani kwake.

Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947, mwaka ulioanza kwa mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa Mombasa, watu wa dini zote wakidai ujira wa haki. Msukosuko haukuwa umekwisha, na yeye hakungoja uishe ndipo afanye kazi. Baada yake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, mwanafunzi wake, alikuwa Kadhi Mkuu tangu 1963 hata 1968. Akafuatwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ya Kurani ilitoka mwaka 1969. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyekuwa na umri wa miaka 14 baba yake alipofariki, alipewa nafasi na BBC mwaka 1979 kuueleza ulimwengu hali ya Afrika, kwa chombo hiki hiki cha redio. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui karibu na Ngome. Na Ngome hiyo si jela tena. Watoto wa shule huingia humo kujifunza historia.

Mefiboshethi aliketishwa mezani pa mfalme Daudi, wala hakudai kiti cha Sauli. Meza ilimtosha. Mungu wetu anayo meza kwa kila mwana wa nyumba iliyoanguka, tena anayo kazi kwa ajili yake. Usiulize tu umenyang'anywa nini. Uliza ni nani anayengoja haki mbele yako leo.

Na tuombe. Ee Mungu, Mwamuzi wa dunia yote, utuondolee kinyongo cha nyumba zetu. Uwape mahakimu wetu, wa kila dini, moyo usionunulika. Wape wajane na yatima watu watakaowasikiliza. Nasi tulio Kanisa lako utufundishe kujihukumu wenyewe kwanza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, Mungu awabariki nyote.